Rosalie Gicanda: mke wa mwami, mjane wa mwami

Rosalie Gicanda alizaliwa mwaka 1928 upande wa Rwamagana, mashariki ya Ruanda, akauawa mjini Butare tarehe 20 Aprili 1994. Kati ya tarehe hizo mbili aliishi miaka 17 na nusu kama mke wa mfalme, na karibu miaka 35 kama mjane wake. Hakutunga sheria, hakuongoza chama, hakuandika kitabu, hakuzaa mrithi. Mtu akiyapima maisha yake kwa kipimo cha kawaida cha historia ya wafalme, hapati cha kuandika hata ukurasa mmoja. Hata hivyo siku ya kifo chake mji mzima ulielewa maana ya kifo hicho kabla ya kuambiwa na mtu. Swali langu ni moja: mwanamke asiye na mamlaka yoyote aliwezaje kubeba uzito huo?

Kwa sisi wa isimu, pa kuanzia ni neno. Kiswahili kina malkia, tulilolichukua kutoka Kiarabu, na neno hilo linafunika kila kitu: anayetawala mwenyewe kama Victoria wa Uingereza, aliyeolewa na mfalme, hata nyuki mkubwa wa mzinga. Kinyarwanda hakichanganyi hivyo. Mke wa mfalme ni umwamikazi. Mama wa mfalme ni umugabekazi. Maneno yote mawili yana kiishio -kazi cha uke, lakini katika utawala wa Nyanza yalitenganishwa na umbali mkubwa. Umugabekazi alitawala pamoja na mwanawe. Alipewa jina la kifalme siku ile ile mwanawe alipopewa lake. Alikuwa na makazi yake na watu wake. Mama wa Yuhi aliitwa Nyirayuhi, mama wa Kigeli aliitwa Nyirakigeli. Mama wa Mutara, kinyume na ungetarajia, aliitwa Nyiramavugo. Umwamikazi hakupewa jina la namna hiyo. Alikuwa mke, mara nyingi mmoja kati ya wengi, na nguvu aliyoweza kuitumaini ilikuwa mbele: siku mumewe atakapokufa na mwanawe atakapochaguliwa.

Mfano unaojulikana zaidi ni Kanjogera, mke wa Kigeli IV Rwabugiri. Mwaka 1896, huko Rucunshu, yeye na kaka zake Kabare na Ruhinankiko walimwangusha mfalme kijana Mibambwe IV Rutarindwa na kumweka Musinga, mtoto wa Kanjogera mwenyewe. Tangu siku hiyo akawa Nyirayuhi, na kwa miaka mingi watu walimwogopa yeye kuliko mwanawe. Nguvu zake hazikutoka kwenye ndoa. Zilitoka kwenye mtoto. Kiswahili chetu nacho kina kumbukumbu ya mpangilio wa namna hii katika neno mkazamwana, mke wa mwana. Tamka neno hilo na utaona mwanamke anatajwa kwa njia ya mtu mwingine, na mama mkwe yuko nyuma yake.

Gicanda aliingia katika nyumba hiyo Januari 1942 akiwa na miaka 13 au 14. Mumewe, Mutara III Rudahigwa, alikuwa amewekwa na Wabelgiji mnamo Novemba 1931, siku chache baada ya kumwondoa baba yake Musinga, aliyewasumbua kwa kukataa ubatizo na mengineyo. Musinga alipelekwa kwanza Kamembe, halafu huku Kongo, Moba, kando ya Ziwa Tanganyika, na ndiko alikofia mwaka 1944. Rudahigwa alikuwa na mke wa kwanza, Nyiramakomali, aliyemwoa mwaka 1933. Hawakupata mtoto, wakaachana mwaka 1941. Gicanda alikuwa Mkristo, na ndoa hii ya pili iliandaliwa iwe ya Kikristo: mume mmoja, mke mmoja. Mwaka uliofuata, Oktoba 1943, Rudahigwa alibatizwa pamoja na mama yake, akapata majina ya Charles Léon Pierre. Baba yake wa ubatizo alikuwa gavana mkuu wa Kongo ya Kibelgiji, Pierre Ryckmans. Mwaka 1946 aliitoa nchi yake kwa Kristo Mfalme.

Ni vizuri kusimama hapa, kwa sababu wengi husimulia sehemu hii kana kwamba ni habari ya dini tu. Ndoa ya mke mmoja ilibadilisha cheo chenyewe cha umwamikazi. Katika baraza lenye wake wengi, mke asiye na mtoto hupotea polepole. Jina lake halitajwi, nafasi yake huchukuliwa na mwenye mtoto. Katika ndoa ya kanisani mke asiye na mtoto habadilishwi. Gicanda na Rudahigwa hawakupata mtoto, na Rudahigwa alibaki naye mpaka kufa. Hivyo Gicanda alipata kitu ambacho wake wa wafalme waliomtangulia hawakukipata, yaani kuwa yeye pekee upande wa mfalme mbele ya macho ya watu, lakini akakosa kile ambacho kiliwapa wao nguvu. Hakuwa na njia ya kuwa umugabekazi. Nadhani ndipo cheo cha kisasa cha mke wa mfalme kilipozaliwa Ruanda: kuonekana kuliongezeka, kutawala kukapungua. Picha za miaka ya 1950 zinamwonyesha hivyo, mrefu, kimya, kando ya mumewe aliyemzidi kila mtu kwa urefu. Wageni wa Ulaya walitaka kumwona mfalme na mkewe, kama walivyozoea kwao. Mwaka 1955 Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipofika Ruanda alikuwa bado hajaoa. Nyumba ya Nyanza ilikuwa na mwamikazi wa kumpokea, nyumba ya Brussels haikuwa na malkia wa kuja naye.

Miaka hiyo haikuwa mitupu. Ndiyo miaka Rudahigwa alipofuta ubuhake, mwaka 1954, ule mkataba wa kumkabidhi mtu ng'ombe naye akawa mtumishi wa aliyempa. Ndiyo miaka pia ambamo watu wa Ruanda waliletwa Masisi kwa mpango wa Wabelgiji ulioanza mwaka 1937. Ninataja hili kwa sababu rafiki mmoja wa kitivo aliponiona nikiandika aliniuliza kwa nini nisichague mke wa mwami wa kwetu, hasa wakati huu ambapo kutaja Ruanda tu kunatosha kukutenga na nusu ya darasa. Jibu langu ni kwamba neno mwami halijawahi kusimama mpakani. Linatumiwa na Wahunde, Wanande, Wahavu, Washi. Na lugha iliyowekwa katika kundi la J61 pamoja na dada zake inasemwa Rutshuru kama inavyosemwa Butare. Kuandika maisha ya mwanamke mmoja si kuitetea serikali yoyote, wala kuisamehe.

Jina lake pia ni somo kwa darasa letu la fonolojia. Gicanda husomwa Gichanda. Ukilitazama kama jina lenye kiambishi cha ngeli ya 7, utaona ki- imekuwa gi- kwa sababu konsonanti inayofuata haina sauti. Ni kanuni ya Dahl inayofanya kazi yake. Mbele ya konsonanti yenye sauti kiambishi hakigeuki, ndiyo maana shemeji yake anaitwa Kigeli, si Gigeli. Sisi wa Vitshumbi, wenye vi- yetu na tsh tuliyoachiwa na karani wa Kibelgiji, hatuna haki ya kushangaa maandishi ya mtu mwingine.

Tarehe 25 Julai 1959 Rudahigwa alikuwa Usumbura, leo Bujumbura. Alimwona daktari, akachomwa sindano, akafa siku hiyo hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 48. Wakuu wa Kibelgiji walieleza kwamba damu ilivuja ubongoni. Ruanda watu wengi waliamini ameuawa, na wapo wanaoamini hivyo hadi leo. Uchunguzi wa maiti ungeweza kupunguza maneno, lakini ulikataliwa. Aliyekataa ni mama wa mfalme, Kankazi, Nyiramavugo. Mjane, mwenye miaka 30 au 31, hatajwi kuulizwa. Hii ndiyo sehemu ninayowarudisha wote wanaomwita Gicanda malkia aliyetawala. Katika siku nzito kuliko zote za nyumba yake, mwenye kauli alikuwa umugabekazi. Neno lilikuwa linafanya kazi yake ya zamani.

Siku tatu baadaye, huko Mwima, pembeni mwa kaburi lililokuwa bado wazi, watu wa baraza walimtangaza mdogo wa marehemu, Jean-Baptiste Ndahindurwa, kuwa Kigeli V. Wabelgiji hawakuwa wametarajia. Novemba mwaka huo machafuko yalianza, nyumba zikachomwa, watu wakaanza kuvuka mpaka kuja Kivu, kwenda Uganda, Tanganyika na Burundi. Tarehe 28 Januari 1961 jamhuri ilitangazwa Gitarama, na Septemba kura ya maoni iliufuta ufalme. Kigeli V aliishi uhamishoni, Afrika Mashariki na baadaye Marekani, wala hakuoa. Kwa hiyo hakukuwa na mwamikazi mwingine baada ya Gicanda.

Yeye hakwenda popote. Kwangu hili ndilo tendo kubwa la maisha yake, ingawa kwa macho linafanana na kutotenda. Shemeji yake alikuwa nje, ndugu wengi walikuwa nje, serikali mpya ilikuwa na kila sababu ya kutomtaka. Alikaa katika nyumba ya kifalme ya Nyanza mpaka serikali ya Grégoire Kayibanda ilipomtoa. Kuna nyumba nyingine kilimani Rwesero, iliyokuwa ikijengwa kwa ajili ya mfalme mwishoni mwa miaka ya 1950. Rudahigwa alikufa kabla ya kuhamia. Zote mbili baadaye zilifanywa makumbusho. Mjane alihamia Butare, katika nyumba ya kawaida mjini, pamoja na mama yake mzazi na wanawake wachache waliomsaidia. Alijulikana kwa kwenda misa. Hakujitia katika siasa. Desemba 1963 na Januari 1964, baada ya wakimbizi wenye silaha kushambulia kutoka Burundi, Watutsi wengi waliuawa, hasa Gikongoro, ambako si mbali na Butare, alibaki. Mwaka 1973 wanafunzi Watutsi walifukuzwa katika chuo kikuu cha Butare kwa orodha zilizobandikwa ukutani, alibaki. Mwezi wa saba mwaka huo Habyarimana alimpindua Kayibanda, na mjane wa mwami alikuwa bado pale pale.

Mji wenyewe una habari yake, nayo inahusu mwanamke mwingine aliyeingia ufalme kwa ndoa. Butare iliitwa Astrida tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi 1962. Ni jina la Astrid, binti wa ukoo wa kifalme wa Uswidi aliyeolewa na Leopold wa Ubelgiji mwaka 1926, akazuru Kongo pamoja na mumewe katika safari ya 1932 na 1933, akawa malkia Februari 1934, na akafa tarehe 29 Agosti 1935 huko Küssnacht, Uswisi, katika ajali ya gari lililoendeshwa na mumewe. Alikuwa na miaka 29. Jina lake lilishika kweli kweli. Shule ya Mabradha wa Upendo iliyofunguliwa hapo mwaka 1929 ilifundisha watoto wa machifu wa Ruanda na Burundi, na waliotoka humo waliitwa Waastrida popote walipokwenda, au indatwa kwa Kinyarwanda. Baba mkwe wa Astrid, Albert I, alikuwa na hifadhi yetu: Hifadhi ya Albert, ya mwaka 1925, ambayo tangu 1969 ni Virunga. Na ziwa tunalovua lilipewa na Stanley mwaka 1889 jina la Albert Edward, mtoto wa Victoria. Katika miaka ya 1970 likaitwa Idi Amin, kisha likarudishiwa jina la Edward. Mvuvi wa Vitshumbi anayetupa wavu alfajiri, viboko wakimwangalia, anafanya kazi ndani ya majina ya koo mbili za kifalme za Ulaya bila kulipwa na hata moja.

Ninaeleza haya ili tofauti ionekane. Astrid hakuishi Astrida hata mwezi mmoja, na mji ulichukua jina lake kwa miaka zaidi ya 30. Gicanda aliishi katika mji huo huo miongo mitatu au karibu, na hapakuwa na barabara wala shule yenye jina lake. Jina lake lilikaa katika vinywa tu. Wazee walijua nyumba yake iko wapi, vijana waliambiwa na wazee, na wale waliomchukia walijua pia. Kwa Watutsi waliobaki nchini alikuwa ushahidi kwamba mtu anaweza kukaa. Kwa wengine alikuwa mabaki ya utawala waliouondoa. Yeye mwenyewe hakusema lolote hadharani kuhusu hizo maana mbili, na pengine hiyo ndiyo sababu zilikua bila kuzuiliwa.

Ndege ya Habyarimana iliangushwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Kigali usiku huo na kuenea haraka, lakini Butare ilikawia. Prefe wa Butare, Jean-Baptiste Habyalimana, alikuwa Mtutsi, wa pekee mwenye cheo hicho nchini, na kwa karibu wiki mbili alijitahidi kuzuia. Watu walikimbilia huko kutoka wilaya za jirani. Serikali ya muda ilimwondoa. Tarehe 19 Aprili rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, ambaye mwenyewe alitoka Butare, alifika kumsimika prefe mpya, akahutubia kwa maneno ambayo kila aliyekuwapo alielewa kuwa ni amri ya kuanza.

Kesho yake wanajeshi walikwenda kwa Gicanda. Waliongozwa na luteni Pierre Bizimana, chini ya amri ya kapteni Ildéphonse Nizeyimana, afisa wa shule ya kijeshi ya Butare. Walimchukua yeye na wanawake waliokuwa naye nyumbani, wakawapeleka nyuma ya makumbusho ya taifa, wakawapiga risasi. Mama yake, mkongwe asiyetoka kitandani, waliachana naye siku hiyo. Aliuawa siku chache baadaye. Gicanda alikuwa na umri wa miaka 65 au 66.

Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1989 kwa msaada wa Ubelgiji, na ndani yake mna vyombo, vikapu, ngoma na picha za maisha ya zamani ya Ruanda. Sitaki kuchezea jambo hilo kwa maneno.

Kwa nini yeye, na kwa nini mapema hivyo? Mwanamke mzee asiye na mtoto, asiye na silaha, asiye na chama, hakuwa hatari kwa mtu. Lakini katika mji uliokuwa umekataa kuua kwa wiki mbili, majirani walikuwa bado wanaulizana kama mambo yatafika kwao. Kumwua Gicanda kulikuwa jibu. Kama huyu hakuachwa, hakuna atakayeachwa. Waliomwua hawakuhitaji kuandika tangazo. Nilisema mwanzoni kwamba umwamikazi hakuwa na mamlaka. Hapa ndipo ninapoona alichokuwa nacho badala ya mamlaka. Mfalme alishakufa, mama wa mfalme hayupo tena katika habari hii, mrithi yuko ng'ambo, ufalme umefutwa kwa kura. Kilichobaki nchini cha nyumba ile yote kilikuwa mwanamke mmoja aliyeingia kwa ndoa. Aliyeingia kwa ndoa ndiye aliyebaki kuwa alama ya waliozaliwa ndani. Katika siku zilizofuata maelfu waliuawa Butare na pembezoni mwake, chuoni, hospitalini, makanisani.

Kwa ombi la padri mmoja, mwili wake uliokotwa na kuzikwa uani kwake.

Nizeyimana alikamatwa Kampala Oktoba 2009, akapelekwa Arusha mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Juni 2012 alipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari, na kifo cha Gicanda kilikuwa kati ya mambo yaliyothibitishwa dhidi yake. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Septemba 2014 mahakama ya rufaa iliipunguza adhabu hiyo kuwa miaka 35. Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi mtu huyu alivyotajwa rasmi baada ya kufa asome hukumu hiyo. Ni maandishi makavu ya kisheria, yenye saa, majina ya barabara na vizuizi, na ndani yake mwamikazi anaonekana kwa ukaribu kuliko katika vitabu vingi vya historia ya wafalme, kwa sababu mahakama ililazimika kuuliza nani alikuwa ndani ya nyumba, mlango ulifunguliwa na nani, gari lilielekea wapi.

Mabaki yake baadaye yalipelekwa Mwima, karibu na Nyanza, yakawekwa kando ya Rudahigwa. Januari 2017 mwili wa Kigeli V, aliyefia Marekani Oktoba 2016, ulirudishwa na kuzikwa hapo pia. Butare imeitwa Huye tangu mabadiliko ya tawala za mikoa ya 2006, ingawa watu wengi bado husema Butare, na wazee wachache bado husema Astrida.